Usiwaambie waweke sindano chini

Mimi kwa kazi ni mshauri nasaha, yaani mtu anayelipwa kukaa kwenye kiti na kusikiliza, na kwa miaka mingi niliamini kabisa kwamba mwanamke akiwa na jambo zito moyoni dawa yake ni chumba kimya, viti viwili, mlango umefungwa na mtu aliyesomea. Bado naamini hivyo kwa baadhi ya mambo. Ila kuna kikundi cha kufuma nilijiunga nacho, na sikwenda kama mtaalamu, nilienda kwa sababu mabega yalikuwa yananiuma kwa stresi na shoga yangu alinichosha na njoo, njoo, njoo zake. Humo ndani nimeona mambo yakitokea ambayo kwenye kiti changu yangechukua miezi, mengine yasingetokea kabisa. Sasa watu wananiuliza siri ni nini, hasa wanaotaka kuanzisha vikundi vyao, na naona wengi wanajibiwa ovyo, wanaambiwa eti ni upendo tu, wanawake wakikaa pamoja wanaponyana. Jamani. Wanawake tukikaa pamoja tunaweza pia kutafunana vizuri sana. Kuna kitu kinafanywa na ile kazi ya mikono yenyewe, na hicho ndo nataka kukieleza leo.

Tuanze na macho. Kwenye mafunzo yetu tunafundishwa tusipange viti vikatazamana moja kwa moja, unavipinda kidogo, maana mtu anayekaziwa macho anajiona yuko mahakamani. Hata ukivipinda bado anajua unamwangalia, ndo kazi yako hiyo. Kwenye kufuma kila mtu anaangalia mapajani pake. Mtu anaweza kusema "baba watoto hajarudi tangu Jumanne" huku anahesabu vitanzi, na hakuna shingo inayogeuka. Wote wamesikia, utajua kwa sababu sindano zinapunguza mwendo kidogo, halafu mmoja bila kuinua kichwa anauliza "simu umepiga?", basi, mazungumzo yameshaanza na hakuna aliyeyatangaza.

Halafu kimya. Ofisini kwangu kimya kina uzito, dakika mbili za kimya mteja anaanza kujiuliza kama anapoteza muda wangu, na mimi najiuliza kama nimeuliza vibaya. Kwenye kikundi watu nane wanaweza kukaa robo saa bila neno na hakuna anayehangaika kutafuta cha kusema, kwa sababu kimya chao kina kazi ndani yake, mtu yuko kwenye mstari mgumu anahesabu, mwache amalize. Kwa mtu aliyefiwa, au aliyetoka kuumwa na amechoka kuulizwa "unaendeleaje", hii ni zawadi kubwa sana, yaani kuwa na watu bila kudaiwa maneno.

Na kuna lile la kutoka nyumbani. Kusema "naenda kwa mshauri" ni kukiri kitu, tena mbele ya watu ambao pengine ndo sababu ya wewe kwenda. Kusema "naenda kufuma" hakumshtui mtu. Tusijifanye hatujui kwamba kwa wanawake wengi tu sababu ya kutoka ni nusu ya safari.

Sasa tuje kwenye kichwa. Wenzetu wa Zimbabwe wana neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi, lile wazo linalozunguka na kuzunguka mpaka usingizi unakimbia. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 kwenye mtaa wa Mbare, Harare, mwaka 2006, akawafundisha kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kuchambua tatizo moja moja, mradi ukaitwa Friendship Bench. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya utafiti wao kwenye jarida la kitabibu la JAMA, watu 573 kwenye kliniki 24, na baada ya miezi sita waliopitia benchi walikuwa na dalili chache wazi wazi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Watu wengi wanaishia hapo kwenye hadithi hii, kwenye benchi na bibi. Mimi kilichonishika ni kinachofuata, kwamba baada ya benchi mtu anakaribishwa kwenye kikundi cha wenzake kinachoitwa Circle Kubatana Tose, yaani kushikana pamoja, na huko wanakaa wanafuma mabegi kwa plastiki iliyokwisha kutumika huku wanaongea. Benchi lina mwisho wake, vikao ni sita. Uzi hauna vikao.

Mawazo ya kuzunguka yanahitaji nafasi, na kuhesabu kunakula nafasi hiyo kidogo, siyo yote, ndo maana bado unaweza kuongea. Ukifanya hesabu ngumu za kodi huwezi kuongea na mtu, ukiwa umekaa bure mawazo yanakuvamia, kufuma kuko katikati hapo. Mwaka 2013 Jill Riley, Betsan Corkhill na Clare Morris walichapisha majibu ya wafumaji 3,545 kutoka nchi mbalimbali waliojaza maswali kwenye intaneti, na waliofuma mara nyingi zaidi kwa wiki ndio walisema wanajisikia watulivu na wenye furaha zaidi, na waliofuma kwenye kikundi wakataja faida za ziada. Kwa haki kabisa hao walikuwa wapenzi wa kufuma tayari, ni kama kuuliza mashabiki kama mpira ni mzuri. Mtu aliyejaribu akachukia hakujaza. Lakini yanalingana na ninachokiona, basi nayachukua hivyo hivyo, na chumvi yake.

Kitu kingine ambacho hakuna fomu ya ofisini itakayonipa ni mkono wenyewe. Anayefuma anajua, ukivuta uzi kwa nguvu vitanzi vinabana, sindano haiingii, kitambaa kinakuwa kigumu kama kadibodi. Ukilegea kinapanuka. Kuna mama kwenye kikundi chetu, mtu wa vichekesho, anaongea mpaka mbavu zinauma, ukimuuliza ana hali gani ni mzima wa afya siku zote. Siku moja alikuwa anafuma shali, akainyanyua juu tuione, na katikati pale kulikuwa na mistari kama kumi na mbili imebana, shali imeingia ndani kama kiuno cha nyigu, halafu inaachia tena inaendelea kawaida. Dada aliyekaa pembeni yake akapitisha kidole pale palipobana akamuuliza, "Mama, hapa ulikuwa wapi?" Yule mama akacheka, akasema hospitali, alikuwa anasubiri majibu. Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Majibu yalikuwa mazuri, wiki mbili zilikuwa zimeshapita, ila alizipita peke yake na hiyo mistari kumi na mbili. Mimi na vyeti vyangu nilikuwa nimekaa naye meza moja wiki zote hizo na sikuona kitu.

(Na alikataa kuifumua ile sehemu. Inamkaa vibaya mabegani mpaka leo lakini anaivaa.)

Sasa niwaambie nilivyoharibu. Baada ya kama nusu mwaka nikaona kikundi hiki kina nguvu, nikafikiri nikikisaidia kidogo na utaalamu wangu kitakuwa na nguvu zaidi, akili za msomi hizo. Nikaomba dakika 30 za mwanzo tuweke sindano chini, tukae duara, kila mmoja ajibu swali moja nililoandaa. Swali lenyewe lilikuwa zuri tu, "ni kitu gani umebeba wiki hii". Wa kwanza akasema mzima, wa pili akasema mzima, wa tatu akaanza kulia, akaona aibu, akaomba radhi, na hakuna aliyejua mikono yake aiweke wapi. Kweli kabisa, nakumbuka mikono. Mmoja anakuna kiti, mwingine anakunja na kukunjua pindo la gauni, mwingine kaikalia. Nikaendelea kwa sababu nilishaandaa. Wiki iliyofuata tulikuja wanne.

Mama mkubwa wa kikundi, yeye ndiye aliyekianzisha, hakunigombeza. Alinipigia akasema tu, "Mwanangu, wale hawakuja kwako, walikuja kwenye uzi. Wewe ukauondoa uzi ukakaa wewe." Nikamwambia samahani mama, nimekosa. Wiki iliyofuata nikaja na sindano yangu, nikanyamaza, watu wakarudi mmoja mmoja.

Ninachojaribu kusema ni kwamba ile kazi ya mikono siyo kisingizio cha kukutana, ambacho ukishakutana unaweza kukitupa ukaanza mambo ya maana. Kila ninachokihangaikia ofisini, viti, sauti, muda, jinsi ya kuanza na jinsi ya kumaliza, uzi unafanya wenyewe bila kuniuliza. Hata kumaliza, mtu akiwa hataki kuendelea na mada anasema "ngoja nihesabu hapa" na kila mtu anaelewa mlango umefungwa kwa leo, bila kuchukia. Nimejaribu kulitafutia mfano wake ofisini sijaupata.

Na hili halijaanza na sisi. Mwaka 1942, Singapore ilipoanguka mikononi mwa Japani, wanawake waliofungwa gereza la Changi walitengwa na waume zao, hawajui nani yu hai. Mkanada mmoja, Ethel Mulvany, akatoa wazo la kushona mablanketi ya viraka, kila mwanamke apewe kipande cha kitambaa adarizi jina lake na kitu chochote cha kwake. Yalitoka mablanketi matatu, kila moja miraba 66, yakapelekwa hospitali kambini kwa majeruhi. Mwanaume aliyeona jina la mkewe kwenye mraba alijua yupo hai, au alikuwa hai siku anashona. Naambiwa na wasomaji wengine kwamba hii ni "ufundi wa wanawake", wanalisema kama vile ni kitu kidogo. Fikiria tu wale wamekaa selo, kila mmoja na kipande chake, anaamua atashona nini kitakachomwambia mumewe kila kitu bila mlinzi kuelewa.

Chile vilevile, baada ya jeshi kupindua serikali mwezi Septemba 1973 na watu kuanza kupotea, mama na wake za waliopotea walikusanyika kwenye warsha zilizolindwa na Kanisa Katoliki wakashona picha za vitambaa juu ya gunia. Arpillera, hilo gunia lenyewe kwa Kihispania ndo likawa jina la picha. Wengine walitumia vipande vya nguo za aliyepotea. Fikiria umekaa na mwenzako anakata shati la mwanae, hiyo meza haihitaji mtu wa kuuliza umebeba nini wiki hii.

Turudi kwetu. Kuna dada alikuja baada ya kufiwa na mama yake, aliletwa, hakuja mwenyewe. Alikuwa hajawahi kushika sindano. Akafundishwa mnyororo, ambao ndo hatua ya kwanza kabisa, kitanzi kinazaa kitanzi, kisha ungefundishwa kugeuka uanze mstari wa pili. Yeye hakugeuka. Wiki ya kwanza mnyororo, ya pili mnyororo, ya tatu, uzi mweusi unatambaa tu mpaka sakafuni. Mimi nilishaanza kuwaza mambo ya kitaalamu. Wale wamama hakuna hata mmoja aliyemwambia "sasa geuka". Walimwongezea uzi ukiisha. Wiki ya saba, au ya nane, aliuliza mwenyewe, "Hivi mtu akitaka kurudi anafanyaje?" Akaonyeshwa. Hakuna aliyepiga makofi, na najua mtu mmoja angepiga makofi kama angekuwa anamwongoza yule dada kwenye kikao, na mtu huyo ni mimi.

Sasa msiniletee picha kwamba kila kitu ni asali. Vikundi hivi vinakufa, na vinakufa kwa sababu zilezile. Umbea ni wa kwanza, na huo sihitaji kuueleza, maneno yakitoka mezani yakafika mtaani mara moja tu watu watarudi kuongelea hali ya hewa. Wa pili ni yule fundi mwema. Tulikuwa naye, mkono wake safi kama mashine, na alikuwa anachukua kazi za wenzake kwenda nazo nyumbani "kuzirekebisha", anafumua usiku mistari ya mtu anaifuma upya, anarudisha imenyooka. Alidhani anasaidia. Dada mmoja alipofunua kitambaa chake akaona siyo chake tena, alikikunja akakiweka kwenye mfuko, hakusema kitu na hatukumwona mwezi mzima. Kufumua cha mtu bila ruhusa ni sawa na mimi kumsahihisha mteja hadithi ya maisha yake kwa sababu tarehe hazijapangika.

La tatu ni biashara, na hapa najua nitapingwa. Mtu aliona kazi zetu akaagiza mabegi 40, tukafurahi, tukagawana. Ndani ya wiki mbili meza ilikuwa kiwanda, rangi lazima ifanane, saizi lazima ifanane, anayefuma polepole anaangaliwa jicho la pembeni, mtu hawezi kusema habari za mume wake kwa sababu zimebaki siku tisa. Hela ilikuja na ilisaidia watu, siwezi kuidharau hela, mwanamke mwenye hela yake analala tofauti. Wanawake weusi wa Alabama, Marekani, walianzisha ushirika wa Freedom Quilting Bee mwaka 1966 kwa sababu walihitaji kula, na ushirika ule ulifika kupata kazi za maduka makubwa, na nao walikutana na kitu hikihiki, mteja mkubwa anataka kila kipande kifanane na cha jana. Sisi tulichofanya, tulitenga siku. Oda zina siku yake na anayetaka anakuja, na ile siku yetu ya zamani haina oda. Kuna wanaosema tunapoteza nafasi. Sawa.

Kwa anayetaka kuanzisha nina machache tu. Msizidi watu kumi na wawili, mkizidi inakuwa meza mbili kwenye chumba kimoja na watu wanasikilizia meza ya pili. Msianze na kitu kigumu, kazi ya kwanza iwe ile ambayo mkono ukishaizoea unaweza kuisahau, maana kazi inayohitaji kusoma karatasi kila mstari inawafanya watu kuwa wanafunzi. Anayekuja mikono mitupu apewe uzi kabla hajaulizwa jina. Na kama wewe ni mtaalamu kama mimi, kaa, fuma, na ujue dalili zako, kwa sababu yapo mambo ambayo uzi hauyawezi, mtu anapoanza kuzungumzia kujidhuru, au anakuja na michubuko, hapo unamsubiri mlangoni wakati wa kutoka, ninyi wawili tu, na unafanya kazi yako uliyosomea. Nimefanya hivyo mara mbili. Zote mbili wale wanawake walikubali kuja ofisini, na mmoja aliniambia alikubali kwa sababu alishaona navyofuma vibaya, akaona huyu siyo mtu wa kumwogopa.

Nafuma vibaya kweli. Saa hizi tunatengeneza blanketi la yule dada wa mnyororo, anaolewa, miraba 48, kila mtu minne. Tulipatana sindano namba moja, uzi mmoja, vitanzi idadi moja, na bado ilipopangwa sakafuni mingine ina sentimita 13 na mingine 16, kila mkono na upana wake, na anayeunganisha inabidi avute huku alegeze kule. Arobaini na saba imeshaingia. Uliobaki ni wangu, ulitoka na pembe tano, sijui nimewezaje, nikaufumua, ukatoka tena na pembe tano. Uzi uliofumuliwa unabaki na mawimbi kama nywele zilizofunguliwa misuko, na mama mkubwa ameshaukagua akasema usiufue, fuma hivyohivyo, harusi ni Jumamosi.